Gunia Halina Kisigino

"Hivi ni kweli shemeji yako akiisogelea betri inazimika?"

Jirani yangu, yule tunayemwita Mama Redio kwa sababu habari hailali tumboni mwake, aliniuliza hivyo asubuhi moja tukianika nguo, yeye upande wake wa kamba na mimi upande wangu. Aliuliza kwa sauti ya chini. Sauti ya chini ya Mama Redio huishia nyumba ya nne.

Nilibana shuka kwa vibanio viwili, nikamjibu, "Mungu hakuumba mtu wa kuzima betri, jirani."

"Mimi sisemi. Nauliza tu."

"Na mimi sikasiriki. Najibu tu."

Tukaendelea kuanika. Ila nguo ya tatu niliigeuza ndani nje bila kujua, na ndipo nikatambua kwamba swali lake limeniingia.

Mume wangu alipofariki, sasa ni miaka miwili, aliacha boti ndogo ya mbao yenye injini nyuma, na ndani ya boti hiyo chombo cha kutafutia samaki. Ni kioo kidogo, ukubwa wa daftari, kimefungwa mbele ya nahodha. Waya wake mmoja unashuka majini, una jicho la plastiki mwishoni. Waya wa pili unakwenda kwenye betri, kule mbele ya boti ndani ya sanduku. Jicho linapiga mlio usiosikika, mlio ukimgonga samaki unarudi, na kioo kinamchora. Usidhani utaona mapezi na mkia. Unaona kijipinde tu, kama ukucha uliokatwa. Ukiona kucha nyingi pamoja, tia nanga, tupa mishipi.

Jina la chombo hicho alilitoa shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Alikiita Mchongezi. "Samaki amejilalia zake chini, hana ugomvi na mtu," alisema, "halafu huyu anakwenda kumchongea kwa nahodha."

Shemeji ndivyo alivyo. Hawezi kupita kwenye kitu bila kukipa jina. Na yeye mwenyewe watu walishampa lake, Mashoto, maana kila kitu anakifanya kwa mkono wa kushoto, kula, kuapa, hata kukuna kichwa. Tangu boti ile ishushwe majini, yeye ndiye mtu wa nanga. Kaka yake alishika injini, yeye akashika kamba. Kaka yake alipoondoka duniani, injini ilishikwa na mkwe wangu, mume wa binti yangu, kijana mwangalifu asiyependa masihara kazini. Kamba ikabaki kwa Shemeji. Wa tatu wao ni Mrefu, baba wa watoto wanne, ambaye inabidi ajikunje mara tatu ndipo aenee ndani ya boti.

Sasa, tatizo lilikuwa hili. Boti inatoka alfajiri, Mchongezi anawaka vizuri, anaonyesha kina cha maji, anaonyesha kucha. Wanatia nanga, wanavua. Samaki wakihama, nahodha anasema, "Ng'oa nanga tuwafuate." Shemeji anaanza kuvuta kamba, na papo hapo kioo kinazimika. Zii! Baada ya muda kinawaka chenyewe, lakini kinaanza upya, kinatoa salamu zake, kinauliza unataka lugha gani, na salamu zikimalizika samaki wako wilaya nyingine. Mwanzoni kilizimika mara moja kwa siku. Baadaye kila nanga iliyong'olewa. Boti ikawa inarudi na samaki wa kuwaonea aibu.

Nilimwita fundi wa redio. Ni mtu mpole, ana kibanda nyuma ya duka la mbegu, na akiwaza hushika penseli kwa meno. Alikuja na mita yake, boti ikiwa imevutwa mchangani, akafungua sanduku, akagusisha nyaya mbili kwenye betri, nyekundu huku, nyeusi kule.

"Kumi na mbili na nukta saba," alisema. "Betri hii imeshiba, mama. Haidai kitu."

Hata hivyo akaiazima betri ya pikipiki yake mwenyewe, akaifunga, wakaenda nayo majini. Ikazimika vilevile. Kesho yake akakwangua vichwa vya betri kwa msasa, maana vilikuwa vimeota unga mweupe, akapaka grisi. Ikazimika. Akabadilisha fyuzi. Ikazimika. Ndipo akachutama katikati ya boti, akagonga kwa kidole ubao mwembamba uliopigiliwa pembeni upande wa kushoto, ule unaofunika waya kutoka kwenye betri hadi kwa nahodha.

"Sasa nifungue hapa, niufuate waya."

"Hapo hapana," nilisema.

"Mama, waya nao huumwa."

"Waya huu aliulaza marehemu kwa mkono wake mwenyewe. Watu walikuja kuutazama. Alichokifunga yeye asikifungue mtu."

Fundi alirudisha bisibisi mfukoni kama mtu aliyekohoa katikati ya ibada. Na mkwe wangu aliyekuwa amesimama pale akaitikia, "Kweli, mzee hakuwa na kazi mbovu." Hivyo betri ikawa nzima, fyuzi nzima, Mchongezi mzima, na waya hauguswi. Palipobaki pa kutafuta kosa ni kwa mtu.

Sijui nani alilitamka kwanza. Nadhani ni Mrefu, kwa utani. "Baba Mashoto, mbona ukigusa kamba tu kinazimika? Una nuksi nini?" Wakacheka. Shemeji alicheka kuliko wote. Lakini neno kama hilo likishatoka halirudi. Linazunguka, linakula, linanenepa.

Mkwe wangu hapendi kusema jambo asilolipima. Akalipima. Siku tatu alimwacha Shemeji nchi kavu, Mrefu akavuta nanga. Mchongezi hakuzimika hata mara moja. Siku tatu nyingine Shemeji akarudi. Mchongezi akazimika mara kumi na nne. Nahodha alichora mistari kwenye ubao. Fundi wa redio akasema labda ni uzito, Shemeji ana kitambi, Mrefu hana. Wakajaza gunia mchanga, wakaliweka pale pale anapokaa Shemeji, Mrefu akavuta nanga kutoka pembeni. Mchongezi akawaka siku nzima kama taa ya harusi.

Baada ya gunia hakuna aliyecheka tena.

Zile siku tatu za nchi kavu Shemeji alizimalizia uani kwangu. Alitengeneza vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Alipigilia misumari mlango wa jikoni, tangu hapo haufungiki. Alinoa visu vyangu vyote, nikajikata vidole viwili. Mtu aliyevuta nanga miaka ishirini, mkono wake haujui kukaa bure. Siku ya gunia, aliporudishwa tena nchi kavu, nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaitazama mikono yake.

"Shemeji," aliniuliza, "wewe mtu wa sala. Inawezekana mtu akawa na nuksi na mwenyewe asijue?"

"Haiwezekani."

"Na lile gunia?"



Siku mbili baada ya Mama Redio kuniuliza lile swali lake, mkwe wangu alikuja. Alivua kofia, akakaa ukingoni mwa kiti, nikajua amebeba jambo zito.

"Mama, usinielewe vibaya. Baba mdogo nampenda. Lakini boti hii ndiyo inayotulisha sote, na yeye akiwemo. Nimeona abaki nchi kavu moja kwa moja. Atashona nyavu. Atapata fungu lake kama kawaida."

"Umeshamwambia?"

"Nimetaka nianze na wewe."

Fungu angepata, hilo sikulitilia shaka. Lakini mtu akishaondolewa kazini kwa nuksi, haishii kwenye boti. Kesho ataambiwa asishike mtoto mchanga. Keshokutwa atakaa peke yake kwenye misiba na kwenye harusi. Na yeye hana mke wala mtoto, ana sisi na ile kamba.

"Nipe safari moja," nilimwambia. "Kesho mwende naye, na mimi nikiwemo."

"Wewe, mama? Botini?"

"Kwani boti ya nani?"

Binti yangu, aliyekuwa anapepeta mchele, akaangusha ungo kwa kicheko.

Alfajiri nilisali mapema, nikavaa jaketi la kuokolea la marehemu, likanifika magotini. Mrefu aliponipa mkono kupanda, Shemeji akatangaza, "Leo boti ina mwenyewe! Mrefu, kunja miguu." Alikuwa anatania, lakini midomo yake ilikuwa mikavu. Alijua ile ni safari ya kumpima.

Nilikaa katikati, uso wangu kwa Shemeji, na Mchongezi nikimwona kwa pembe ya jicho. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Niliona kucha zile kwa mara ya kwanza, nyingi, zimepangana, nikasema "Sifa kwa Mungu", na Mrefu akasema, "Amina, lakini tusiwashtue." Tukatia nanga. Wakavua kidogo. Kucha zikasogea.

"Ng'oa!"

Niseme hapa kwamba mimi ni mshonaji wa sare za shule, na cherehani yangu ni ya miguu. Nimefundisha wasichana wengi. Mshono ukiruka, kila mwanafunzi hutazama sindano. Mimi hutazama mguu. Tisa katika kumi, kosa liko mguuni: ameukanyaga vibaya, ameurudisha nyuma. Basi Shemeji alipoishika kamba, wenzake wote walikitazama kioo. Mimi nilitazama miguu yake.

Alishika kamba kwa mkono wa kushoto. Ili apate nguvu, akaupeleka mguu wa kushoto pembeni, akakita kisigino kwenye ule ubao mwembamba, akajikaza. Ubao ukabonyea kidogo, kama godoro. Zii! Mchongezi akazimika.

"Mmeona?" nahodha alisema taratibu, bila furaha.

Nanga ikaja. Shemeji akaondoa kisigino. Mchongezi akaanza salamu.

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nilikaza kifundo cha kitambaa changu kichwani, nikangoja. Mara ya pili, kisigino, zii. Mara ya tatu nikamwomba Mrefu avute yeye. Mrefu ni wa mkono wa kulia. Alikita mguu wake wa kulia upande wa kulia, ambako hakuna ubao wala waya. Kioo kikawaka raha mustarehe. Mara ya nne akavuta Shemeji. Kisigino. Zii.

Gunia halina kisigino, nilijiambia. Ndiyo maana!

Sasa mtauliza, mbona sikusema palepale? Nilishindwa. Kwa sababu kusema kisigino ni kusema ubao, na kusema ubao ni kusema kazi ya marehemu ina kasoro. Tuliporudi mkwe wangu aliniuliza, "Umeonaje, mama?" nikamjibu, "Nitakwambia." Shemeji alinitazama mara moja tu, akaanza kukunja kamba.

Mchana ule sikula. Nilikaa mbele ya cherehani bila kukanyaga. Mume wangu alikuwa mtu wa sifa. Kila aliyeingia ndani ya boti ile alisimuliwa jinsi alivyolaza waya mpaka watu wakajua kusimulia wenyewe. Nami ndiye niliyesema asiguse mtu. Nilipiga magoti, nikamwambia Mungu mambo yote jinsi yalivyo. Sikusikia sauti yoyote, ila nilipoinuka nilikuwa najua wazi kwamba marehemu hahitaji tena boti, na aliye hai anaihitaji. Nikavaa viatu, nikaenda kwa fundi wa redio.

"Ile mita yako," nilimwambia, "ulipima kisimani. Hukupima kwenye ndoo."

Akatoa penseli mdomoni. "Sema tena, mama."

"Ulipima kwenye betri. Njoo upime kule waya unakoishia, kwa nahodha, wakati Shemeji anavuta."

Fundi akaanza kucheka peke yake, akaokota mita.

Boti ilikuwa imevutwa mchangani. Nanga ya kuvuta haikuwepo, basi tukaifunga kamba kwenye nguzo ya kuanikia nyavu, tukamweka Shemeji mahali pake. Kufumba na kufumbua pwani yote ikawa imekusanyika, Mama Redio mbele kabisa. Si kila siku utaona watu wazima wanne ndani ya boti iliyo nchi kavu, mmoja akivutana na nguzo.

"Baba Mashoto, mnakwenda wapi?" mtu alipiga kelele.

"Tunahamisha nguzo!" Shemeji alijibu. "Wewe shika upande wa pili!"

Fundi alikuwa amemwasha Mchongezi, akagusisha mita nyuma yake, pale waya unapoingia. "Kumi na mbili na nukta tano," alisoma. "Haya, baba, vuta."

Shemeji akavuta, kisigino kikaenda mahali pake.

"Tisa," fundi alisema. "Nane. Saba na nusu. Legeza! Kumi na mbili. Vuta! Nane."

Watu wakaidaka kama wimbo. Vuta! Nane! Legeza! Kumi na mbili! Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa anapiga makofi. Mkwe wangu aliinama mpaka pua yake ikakaribia mita. Alikuwa anatazama tarakimu, anatazama kisigino, anarudi kwenye tarakimu. Fundi akaeleza kwamba chombo kile hakiishi chini ya volti kumi. Ni kama mtu kunyimwa hewa.

"Sasa, baba mdogo," mkwe wangu alisema, sauti imebadilika, "weka kisigino kule kulia, uvute."

Shemeji akajipinda kama anayecheza ngoma asiyoijua, akavuta.

"Kumi na mbili na nukta tano," fundi alisoma. "Haitikisiki."

Wote wakanigeukia, kwa maana ubao ule ulikuwa na amri yangu juu yake.

"Fungua," nilimwambia fundi.

Alitoa misumari mmoja mmoja. Chini ya ubao waya ulikuwa umelala safi, mweusi, umenyooka, mpaka ulipofika katikati. Pale ulikuwa umeungwa. Waya mwingine, mwembamba, umesokotwa na ule wa kwanza kwa vidole tu, umezungushiwa kipande cha tambara na utepe mweusi ambao gundi yake ilishakauka zamani. Fundi akaufunua. Shaba ilikuwa imeoza kijani. Nyuzi mbili tatu tu ndizo zilizoshikana, na kila ubao ulipobonyea ziliachana.

Nani atamsema marehemu mbele ya mjane wake? Mrefu alitazama mawingu. Basi ikanibidi niseme mwenyewe, kwa sauti, na sauti yangu haikuzoea kusikika mbele za watu.

"Mume wangu alikuwa binadamu, si malaika. Hapa hakufunga vizuri. Na mimi nilikataza pasifunguliwe, kwa hiyo nusu ya kosa ni yangu. Shemeji yangu hana nuksi. Ana kisigino. Jirani, umesikia?"

"Nimesikia!" alisema Mama Redio.

"Basi hilo nalo litangaze."

Sijawahi kusikia pwani ile ikicheka vile. Walimbeba Shemeji mpaka kwenye mchanga mkavu, kitambi na yote, wakimwita Bwana Kisigino. Yeye alicheka, ila nilimwona akigeuka mara mbili kukitazama kile kiungo mikononi mwa fundi, akifungua mdomo, akiufunga. Nikadhani ni machozi anayazuia, nikamwacha. Fundi alikata waya mbovu, akatia mpya wa unene unaostahili, akaunga kwa risasi iliyoyeyushwa, akafunika, akaurudisha ubao kwa skrubu.

Kesho yake walirudi saa sita mchana. Niliwasikia kabla sijawaona. Mrefu alikuwa anaimba, na Mrefu haimbi ila kwa sababu. Mchongezi hakuzimika hata mara moja. Waling'oa nanga mara saba, wakawafuata samaki mara saba, mpaka makasha yakajaa na wakaweka wengine ndani ya koti la mvua la nahodha. Nilimshukuru Mungu jikoni, pamoja na mlango wangu usiofungika.

Wakaja kunywa chai, mkwe wangu na Shemeji, viatu vyao vya mpira wakaviacha kizingitini vikichuruzika maji. Binti yangu alimimina. Mkwe wangu hakugusa mkate. Alikaa wima, kofia magotini.

"Baba mdogo," alisema, "nilikukosea. Nilikupima kama mzigo. Nilitaka kukuondoa kwenye boti uliyoijua kabla yangu. Nakuomba msamaha."

Shemeji aliweka kiganja sikioni. "Sikio hili limeingia mchanga. Nimekaa nchi kavu siku nyingi."

"Nimesema nakuomba msamaha."

"Na hili jingine linasema lenyewe halijaambiwa."

"Baba mdogo, nisamehe!" Alipaza sauti mpaka mbuzi wa jirani akaitikia, na binti yangu akalazimika kuliweka birika chini.

"Nimesamehe," Shemeji alisema. "Kwa moyo mweupe."

"Na nanga ni yako mpaka utakapoichoka mwenyewe. Sitaki kusikia mtu mwingine ameigusa."

Nilitaka kufuta macho, nikaona Shemeji hafurahi kama inavyopasa. Alizungusha kikombe chake, kushoto, kushoto tena.

"Shemeji," aliniambia, "nina neno. Lilinikwama jana pale mbele za watu, na usiku halikunipa usingizi. Kile kiungo si cha kaka."

"Si cha kaka vipi?"

"Kaka alilaza ule waya mzuri. Sasa ulipofika katikati ukapungua, na siku hiyo wewe ulikuwa na homa, akakupeleka zahanati. Mimi nikaona nimsaidie. Nikaenda nyumbani nikachukua waya wa redio yangu mbovu, nikaunga, nikafunga na kipande cha shati, nikapigilia ubao. Kaka aliporudi akakuta kioo kinawaka na watu wamejaa wanamsifu. Alinitazama, nikamkonyeza. Zile sifa zilimpendeza, shemeji. Ningeanzaje kumnyang'anya?"

Nilikumbuka homa ile. Nikakumbuka amri yangu ya miaka miwili, na maombi yangu ya jana, na jinsi nilivyomwombea mume wangu rehema kwa kiungo ambacho hata hakukigusa. Kicheko kilinianzia miguuni.

"Kwa hiyo," binti yangu alisema, akihesabu kwa vidole polepole, "aliyekuwa anazima betri..."

"Ni mimi," Shemeji alisema. "Kwa waya wangu, kwa shati langu na kwa kisigino changu."

Tulicheka mpaka mimi nikashika meza. Binti yangu alikaa sakafuni. Shemeji mwenyewe alikuwa anapangusa macho kwa mkono wa kushoto, akisema, "Nisameheni, nisameheni, na mimi nimeingia zamu."

Mkwe wangu peke yake hakucheka. Alikuwa ameomba msamaha mara tatu, mara ya mwisho mbele ya mbuzi. Sote tukamngoja. Akavaa kofia. Akaenda kizingitini, akavaa viatu vyake vya mpira, akainama, akavichukua na vile vya Shemeji, akavitia kwapani, akatoka kuelekea kwenye boti bila neno jingine, kama mtu anayempelekea mwenye nanga vyombo vyake vya kazi.